Historia ya upandikizaji mimba: wanawake ambao hatuwataji

SEHEMU YA 1: KWA NINI NAANDIKA

 Nyie akina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona, karibuni pia.

Wiki iliyopita niliandika kuhusu mirija ya uzazi kuziba. Jamani, meseji zilizoingia sijawahi kuona. Nyingi zilikuwa zinauliza mambo yale yale. "Nesi, hao watoto wa chupa ni watoto kamili?" "Eti wakikua hawazai?" "Mume wangu anasema ni uchawi wa wazungu, nimjibu nini?" Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja, niwaeleze hadithi yote toka mwanzo. Ni ndefu, nimeigawa sehemu tano. Chukua chai, kama unanyonyesha soma huku mtoto yuko titini, hakuna haraka.

Kwanza tuelewane maneno. Upandikizaji mimba ni hivi: yai la mama linatolewa kwenye ovari, linakutanishwa na mbegu ya baba kwenye kisahani cha kioo maabara, likisharutubishwa na kuanza kugawanyika tunaliita kiinitete, kisha kinarudishwa kwenye mfuko wa uzazi wa mama. Basi. Chupa haipo. Nje ya mwili kinakaa siku chache tu, kwa kawaida kati ya mbili na sita. Miezi yote iliyobaki mtoto yuko tumboni kama mwanao au wangu, anapiga mateke, anamfanya mama yake atamani udongo.

Sababu ya pili ya kuandika ni shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Aliolewa akiwa binti, akakaa miaka bila mtoto. Akanyweshwa kila mzizi uliopo. Mume akaongeza mke wa pili, naye hakushika mimba. Akaongeza wa tatu, hakushika. Mnadhani ukoo ulisemaje? Walisema shangazi ndiye amewafunga wenzake kwa wivu. Akarudishwa kwao na kibegi kimoja. Mpaka leo hakuna aliyewahi kumwambia yule bwana akapime.

Nimesoma uuguzi, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka sasa, na kila nikikumbuka kile kibegi najiuliza: hivi kwa nini mwanamke ndiye anayebeba lawama zote za kukosa mtoto, lakini mtoto akipatikana kwa sayansi sifa zinaenda kwa wengine? Msinijibu bado. Someni.

SEHEMU YA 2: MAMA ALIYEKESHA NA MTOTO WA MENO

Twende Marekani, jirani na mji wa Boston, mwaka 1938. Daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake, John Rock, alikuwa na wagonjwa wengi wenye mirija iliyoziba. Kwa kawaida yai na mbegu vinakutana ndani ya mrija. Mrija ukiziba, ni kama daraja limekatika: yai liko ng'ambo, mbegu ziko huku, hazionani. Rock akajiuliza kama vingeweza kukutanishwa nje ya mwili.

Kujiuliza ni rahisi. Kazi yenyewe alimpa mama mmoja aitwaye Miriam Menkin.

Miriam alikuwa msaidizi wake wa maabara, msomi, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Kazi yake ilikuwa hii: hospitalini kulikuwa na wanawake waliopangiwa kuondolewa mfuko wa uzazi kwa sababu za ugonjwa, na waliokubali kushiriki utafiti. Upasuaji ukifanyika, Miriam anasubiri mlangoni apewe kipande cha ovari, anakimbia nacho maabara, anatafuta yai. Yai la binadamu ni dogo kuliko nukta hii. Akilipata analiosha, analiwekea mbegu, anasubiri. Halirutubiki. Wiki inayofuata anaanza upya. Alifanya hivyo miaka sita. Sita, mwenzangu! Mimi nikikosa mshipa mara tatu naita mwenzangu anisaidie.

Halafu ikaja Februari 1944. Binti yake mdogo alikuwa anaota meno. Hapo sihitaji kuwaeleza, mnajua usiku wa mtoto wa meno ulivyo. Miriam hakuwa amelala. Akaenda kazini vile vile, akaweka mbegu kwenye yai kama siku zote. Kwa kawaida aliziacha pamoja kama nusu saa. Siku ile akakaa anaziangalia kwenye hadubini, macho mazito, akasinzia. Kuja kushtuka, saa nzima imepita. Na mbegu alizoweka siku ile zilikuwa nyingi kuliko kawaida yake.

Aliporudi baadaye kuangalia, yai lilikuwa limegawanyika. Mara ya kwanza duniani kwa binadamu kushuhudia yai la mwanamke likirutubishwa nje ya mwili.

Alilinda lile yai, anaogopa hata kuliacha atoke. Lakini katika kulihifadhi ili lisomwe vizuri, likapotea. Hakukata tamaa, akapata mengine matatu. Yeye na Rock wakatangaza matokeo mwaka huo huo. Hawakurudisha chochote kwenye tumbo la mtu, walikuwa bado kwenye hatua ya kujua kama inawezekana.

Na baada ya hapo? Mume wa Miriam alipoteza kazi Boston, akapata nyingine jimbo la mbali. Miriam akafungasha, akamfuata mume. Kazi ile ikalala. Wangapi hapa mnaijua hadithi hiyo?

SEHEMU YA 3: NESI WA MIAKA 23

Miaka ikapita. Mwaka 1951 wanasayansi wawili, Chang aliyekuwa Marekani na Austin aliyekuwa Australia, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kwamba mbegu ya kiume ikitoka tu haiwezi kurutubisha papo hapo. Inahitaji muda ndani ya mwili wa mwanamke kwanza, ndipo inapata uwezo. Hapo mkumbuke usingizi wa Miriam! Mwaka 1959 Chang akafanikiwa kupata sungura waliotungwa nje ya mwili na kuzaliwa wazima.

Sasa twende Uingereza. Kulikuwa na mwanasayansi wa Cambridge, Robert Edwards, aliyehangaika miaka mingi na mayai ya binadamu. Tatizo lake lilikuwa kuyapata. Kaskazini, kwenye mji wa viwanda uitwao Oldham, alikuwepo daktari Patrick Steptoe, aliyekuwa anafanya upasuaji wa matundu madogo tumboni kwa kutumia kifaa chenye taa. Madaktari wengi wakubwa hawakuuamini upasuaji huo, leo upo kila mahali. Kwa njia hiyo Steptoe angeweza kuchukua yai bila kumpasua mama tumbo zima. Wawili hao wakaungana mwaka 1968.

Mwaka huo huo Edwards akamwajiri nesi. Jina lake Jean Purdy, alizaliwa 1945, kasomea uuguzi Cambridge kwao. Alikuwa na miaka 23. Ndiyo, mmesoma vizuri: nesi, si daktari wala profesa. Aliingia maabara akajifunza kila kitu, akawa ndiye anayeandaa vimiminika, anayetunza kumbukumbu, anayeangalia mayai, anayeongea na wagonjwa. Yeye na Edwards walikuwa wanaendesha gari kutoka Cambridge hadi Oldham, zaidi ya kilomita 250, ni mbali kuliko Dar hadi Morogoro, kisha wanarudi. Walifanya hivyo miaka kumi.

Mwaka 1969 wakatangaza kwamba wamerutubisha mayai ya binadamu maabara. Kijana mmoja wa timu yao, Barry Bavister, alikuwa ametengeneza kimiminika kizuri kwa ajili ya wanyama wadogo wa jamii ya panya, na kikafaa kwa binadamu.

Mngedhani hela zingemiminika. Wapi! Mwaka 1971 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliwanyima fedha. Walikuwa na hofu kuhusu usalama wa watoto, na hofu hiyo naielewa. Lakini kulikuwa na jambo jingine: waliona shida kubwa ya dunia ni watu kuzidi kuongezeka, kwa hiyo kumtibu asiyezaa si jambo la haraka. Hapo niliposoma nilisimama kidogo. Ni maneno yale yale tunayoyasikia mpaka leo kuhusu sisi Waafrika, kwamba wanazaa sana, ugumba wa nini tena? Kana kwamba watoto sita wa jirani yako wanapunguza kilio chako wewe usiye na hata mmoja.

Wakaendelea kwa fedha za misaada binafsi, kwenye hospitali ndogo iitwayo Kershaw's, karibu na Oldham. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Kati ya 1969 na 1978, wanawake 282 walijitolea. Walikuwa watu wa kawaida tu, wengi wao wametoka mbali. Walilazwa, wakachomwa sindano za homoni, wakapimwa mkojo usiku na mchana, wakalazwa usingizi wa upasuaji, wengine zaidi ya mara moja. Waliopata mimba ni watano. Waliojifungua mtoto hai ni wawili.

Wawili kati ya 282. Wale 280 walirudi nyumbani mikono mitupu. Majina yao hayatajwi popote na mimi siyajui. Lakini kila kitu ambacho daktari wako anakijua leo kuhusu saa ya kuchukua yai na siku ya kulirudisha, kilianzia kwenye matumbo yao.

Na manesi nao. Msimamizi wa chumba cha upasuaji pale Oldham aliitwa Muriel Harris, yeye ndiye aliyekusanya wenzake wa kusaidia kazi hii. Homoni haijui saa ya kutoka kazini. Mkojo ukionyesha yai linakaribia kutoka, hata kama ni usiku wa manane, mnaamka.

SEHEMU YA 4: LESLEY NA MTOTO WAKE

Lesley Brown alitoka Bristol. Mumewe John alikuwa mfanyakazi wa reli. Walikuwa wametafuta mtoto miaka tisa, mirija ya Lesley ilikuwa imeziba.

Wakati anafika, timu ilikuwa imebadilisha njia. Waliacha dawa za kukuza mayai mengi, wakaamua kufuata mzunguko wa asili wa mwanamke mwenyewe. Yai moja tu kwa mwezi. Ukilikosa, mpaka mwezi ujao. Wakapima mkojo wa Lesley kila baada ya saa chache kuwinda ile homoni inayopanda kabla yai halijatoka. Tarehe 10 Novemba 1977 Steptoe akachukua yai lake. Edwards akalikutanisha na mbegu za John. Na mtu wa kwanza kuona kwenye hadubini kwamba limegawanyika, kwamba kuna kiinitete hai, alikuwa nesi Jean.

Siku mbili na zaidi baadaye, seli zikiwa nane, kikarudishwa tumboni. Kikashika.

Kuna jambo ambalo linanisumbua kama nesi na sitaki kulificha. Lesley mwenyewe alikuja kueleza kwamba wakati ule hakujua kuwa hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amezaliwa kwa njia hiyo. Alidhani wapo mamia tayari. Alikuwa na hamu sana ya mtoto hata hakuuliza, na inaonekana hakuna aliyemkalisha chini akamweleza mpaka akaelewa. Hadithi nzuri haifuti kosa hilo. Ndiyo maana nikikupa fomu ya kusaini kabla ya upasuaji, mama, usisaini tu kwa sababu nesi amesema hapa. Uliza: mmeshafanya mara ngapi? Wangapi wamefanikiwa? Ikishindikana nitakuwaje? Ni haki yako, wala sio ubishi.

Mimba ikakua. Waandishi wa habari wakajua, wakaizingira hospitali. Presha ya Lesley ikaanza kupanda, ile hali tunayoiita kifafa cha mimba kinachonyemelea, na mnajua hatuichezei. Steptoe akaamua kumpasua usiku, kimya kimya. Tarehe 25 Julai 1978, dakika chache kabla ya saa sita usiku, kwenye Hospitali Kuu ya Oldham, akazaliwa mtoto wa kike wa kilo 2.6. Akalia. Mzima kabisa. Wakamwita Louise, na jina la pili Joy, yaani Furaha.

Januari 1979 huko Glasgow, Scotland, Grace MacDonald naye akajifungua wa kiume, Alastair. Hao ndio wawili wa Oldham.

Sasa kwa wale waliouliza kama watoto hawa wanazaa. Lesley alirudi tena kwa njia ile ile akampata Natalie. Mwaka 1999 Natalie akajifungua, mimba ya kawaida ya nyumbani. Louise naye akapata mtoto wake Desemba 2006, pia mimba ya kawaida. Kama mrija wa mama yako uliziba, wa kwako hauzibi kwa kurithi. Leo duniani watoto waliozaliwa kwa upandikizaji wanakadiriwa kupita milioni 10. Uganda walipata wa kwanza 2004, Kenya 2006, na Dar es Salaam nako vituo vipo.

SEHEMU YA 5: KIBAO, NA WEWE UNAYESUBIRI

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakubwa wa afya wa Oldham waliamua kuweka kibao cha kumbukumbu hospitalini. Edwards aliwaandikia barua akiwaomba waandike na jina la Jean Purdy, kwamba mchango wake ulikuwa sawa na wa kwake. Kibao kikawekwa. Jina la Jean halikuwemo. Barua hizo zilikaa kwenye makabrasha, zikafunguliwa kwa umma 2019.

Jean alifariki 1985 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 39. Steptoe akafariki 1988. Mwaka 2010 Edwards akapewa Tuzo ya Nobel peke yake, kwa kuwa marehemu hawapewi. Mwaka 2015, miaka 30 tangu Jean afariki, ndipo kilipowekwa kibao kipya chenye majina yote matatu.

Simsemi vibaya Edwards, alimtetea. Ila mimi ni nesi. Najua watu wanaoandikwa kwenye faili na wanaoshika taa.

Na wanaume je? Muda mrefu sayansi yenyewe ilimwangalia mwanamke tu. Mwaka 1992 huko Brussels, Ubelgiji, ndipo walipotangaza mimba zilizopatikana kwa kuchukua mbegu moja tu ya kiume na kuichoma kwa sindano nyembamba ndani ya yai. Njia hiyo ni ya baba mwenye mbegu chache au dhaifu. Maana yake ni kwamba tatizo la mwanaume lipo, lina jina, na lina tiba. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, mume anahusika, peke yake au pamoja na mke.

Kwa hiyo, mama, ukitoka kwenye simu hii leo, kumbuka haya:

1. Mkikaa mwaka mzima pamoja bila kinga na mimba haijaja, nendeni hospitali. Ukiwa na miaka 35 na kuendelea, usisubiri mwaka, miezi sita inatosha. Umri wa yai hausubiri kikao cha ukoo.

2. Nendeni WAWILI. Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na vya mwanamke. Aanze yeye.

3. Mirija mingi kwetu huziba kwa maambukizi: kisonono na klamidia zisizotibiwa, kutoa mimba kienyeji, au maambukizi baada ya kujifungua. Ukiona uchafu usio wa kawaida, homa au maumivu chini ya kitovu, njoo mapema, na mwenzi wako atibiwe pia. Na hao wanaowauzia dawa za kuweka ukeni eti zinazibua mirija, wanawaunguza bure.

4. Upandikizaji ni ghali na hauna uhakika. Mara nyingi haushiki kwa jaribio la kwanza, na umri ukipanda nafasi inashuka. Kituo kikikuahidi asilimia mia, chukua pochi yako uondoke. Kutoweza kulipia sio dhambi, na kuamua kuacha sio kushindwa.

5. Ukiwa mawifi, mama mkwe au jirani: usiulize "vipi, bado?" Shirika la Afya Duniani linasema takriban mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba maishani. Kwenye kitchen party moja wapo kadhaa, na ndio wanaocheka kwa sauti kuliko wote.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia shangazi. Tulikuwa tunachambua mchele uani nikamsimulia yote haya, Boston, Oldham, mkojo wa usiku wa manane, wale 282. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikasubiri atasema nini kuhusu mirija, au kuhusu yule bwana. Akaniuliza: "Na yule mtoto aliyekuwa anaota meno, alipona?"

Nikamwambia alipona, shangazi, meno yalitoka.

Akasema, "Basi vizuri," akaendelea kuchambua. Baada ya muda akaongeza, bila kuniangalia: "Kumbe kuna wenzangu 280."

Nimeshindwa kuongeza kitu hapo.

Maswali wekeni hapo chini, Jumamosi nikitoka zamu ya usiku nitajibu moja moja. Yale ya siri njooni inbox, siwatangazi. Na kama yupo dada unayemfahamu anasubiri, usimtag mbele za watu. Mtumie kimya kimya.

Usiku mwema, nesi wenu.